Daftari bila msomaji: historia ya ghala la data katika mikataba mahiri ya Ethereum

0. Utangulizi

Methali ya Kiswahili yasema: «Mali bila daftari hupotea bila habari». Aliyeitunga aliona hatari katika ukosefu wa maandishi, kwani mfanyabiashara asiyeandika hesabu zake hatajua ni lini wala ni kwa njia gani alifilisika. Tarehe 6 Novemba 2017 lilitokea jambo ambalo methali hiyo haikulitazamia. Etha 513,774, yaani sarafu za mtandao wa kompyuta uitwao Ethereum, zilikwama ndani ya pochi 587. Daftari lenyewe halikupotea. Anwani za wenye mali zilikuwa zimeandikwa, kiasi cha kila pochi kilijulikana, na mtu yeyote duniani aliweza kuyasoma hayo yote. Hata hivyo hapakuwa na aliyeweza kutoa hata etha moja.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi hali hiyo ilivyowezekana, kwa kufuata historia ya namna programu za Ethereum zinavyohifadhi data tangu mwaka wa 2015 hadi 2024. Hoja yake kuu ni kwamba ghala la mkataba wa aina hii halihifadhi majina wala maana. Huhifadhi namba tu, mahali penye namba. Maana ya kila namba imo katika programu inayoisoma. Misiba mikubwa ya historia hii ilitokea pale ambapo ghala na programu inayolisoma viliachana, ama kwa wakati, ama kwa mahali.

Istilahi za taaluma hii hazijatulia bado katika Kiswahili, kwa hiyo inafaa zile zinazotumika hapa zielezwe. «Blokcheni» ni daftari la pamoja ambalo nakala zake hutunzwa na kompyuta nyingi, na ambalo kurasa zake, ziitwazo bloku, hufuatana bila ile ya nyuma kubadilishwa. «Mkataba mahiri» ni programu iliyowekwa katika blokcheni, ambayo hutekeleza masharti yake yenyewe. «Kigeu» ni jina ambalo mwandishi wa programu hulipa thamani inayoweza kubadilika. «Ghala» ni mahali ambapo thamani hiyo hukaa baada ya programu kumaliza kazi, na «kisanduku» ni sehemu moja ya ghala hilo. Neno hili la mwisho limechaguliwa kwa kufuata mfano wa masanduku ya posta: mlangoni pa sanduku la posta hapana jina la mwenyewe, pana namba tu, na anayejua namba fulani ni ya nani ni yule aliye na orodha.

1. Mkataba kabla ya ghala (1994–2013)

Wazo la mkataba unaojitekeleza lilitangulia blokcheni. Mnamo mwaka wa 1994 Nick Szabo, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alitoa jina ambalo hapa limetafsiriwa «mkataba mahiri». Katika maandishi yake ya mwaka wa 1997 alitaja mfano wa mashine ya kuuzia vinywaji: atiaye sarafu hupewa chupa, wala hapana karani wa kuamua. Inafaa iangaliwe kwamba mashine hiyo hukumbuka mambo machache, yaani sarafu zilizoingia na chupa zilizobaki, na kwamba kumbukumbu yake imo ndani ya sanduku la chuma lililo mali ya mtu mmoja. Mkataba ambao haumilikiwi na mtu mmoja ungeweka wapi kumbukumbu zake? Swali hilo halikuwa na jibu wakati ule.

Sehemu ya jibu ilitoka katika Bitcoin. Hati iliyotiwa jina la Satoshi Nakamoto ilitolewa tarehe 31 Oktoba 2008, na bloku ya kwanza ina tarehe ya 3 Januari 2009. Bitcoin ilileta daftari la pamoja, lakini kwa daftari hilo fedha ina hali mbili tu: iliyotumika na isiyotumika. Masharti madogo yanaweza kuambatanishwa na malipo, mathalan kwamba saini mbili kati ya tatu zinahitajika. Lakini sharti likishatimizwa, hakibaki kitu cha kukumbukwa na programu. Kumbe mkataba wenye hatua kadhaa, kama vile mnada, upigaji kura au mkopo unaolipwa kidogo kidogo, hauna budi kujua hatua iliyopita ili uamue ile inayofuata.

Upungufu huo ulitajwa waziwazi na Vitalik Buterin, kijana aliyezaliwa Urusi mwaka wa 1994 na kukulia Kanada. Katika hati aliyoiandika mwishoni mwa mwaka wa 2013 alihesabu kasoro nne za lugha ya Bitcoin, na mojawapo ilikuwa kukosa hali ya kudumu. Kwa hiyo Ethereum ilizaliwa, kwa sehemu kubwa, ili kuipa programu ya blokcheni uwezo wa kukumbuka.

2. Ujenzi wa ghala (2014–2015)

Mwaka wa 2014 Gavin Wood, Mwingereza, alitoa maelezo rasmi ya mashine ya Ethereum, na mtandao wenyewe ulianza kazi tarehe 30 Julai 2015. Mashine hiyo si chombo cha chuma. Ni mkusanyo wa kanuni ambazo kila kompyuta ya mtandao huzifuata ili zote zifikie jibu moja. Ilipewa mahali patatu pa kuweka thamani. Pa kwanza ni rundo, ambapo thamani hupangwa moja juu ya nyingine, zisizozidi 1,024, na kazi hufanyika juu yake. Pa pili ni kumbukumbu ya kazi, iliyo mfano wa ubao wa darasani: huandikwa wakati programu inapofanya kazi, na hufutwa inapomaliza. Pa tatu ndipo ghala.

Kila mkataba una ghala lake, na hakuna mkataba unaoweza kufungua ghala la mwingine na kuandika humo kwa amri zake wenyewe. Visanduku vya ghala huhesabiwa kuanzia 0, na idadi yake ni 2 kwa kipeo cha 256, namba yenye tarakimu 78. Kila kisanduku huchukua baiti 32. Ni dhahiri kwamba hakuna kompyuta iwezayo kuweka visanduku vyote hivyo. Kwa sababu hiyo huandikwa vile tu vyenye thamani isiyo sifuri, na vingine vyote huhesabiwa kuwa vina sifuri. Matokeo yake ni kwamba kisanduku ambacho hakijaguswa kamwe na kisanduku kilichoandikwa sifuri havitofautiani. Jambo hili huonekana dogo, lakini litarudi katika sehemu ya tano.

Waandishi wengi wa programu hawashiki namba hizo moja kwa moja. Huandika kwa lugha ya Solidity, iliyopendekezwa na Wood mwaka wa 2014 na kuendelezwa na kundi la Christian Reitwiessner. Kisha kompaila, yaani programu ya kutafsiri, huyageuza maandishi yao kuwa amri za mashine. Katika tafsiri hiyo vigeu hupewa visanduku kwa kufuata mfuatano wa kutajwa kwao. Ichukuliwe mfano programu ya chama cha akiba, cha namna ya likelemba, yenye vigeu vinne: anwani ya mweka hazina, alama ya kuonyesha kama chama kimefungwa, jumla ya fedha, na salio la kila mwanachama. Anwani huchukua baiti 20 na alama huchukua baiti 1. Kwa kuwa vyote viwili vyaenea katika baiti 32, huwekwa pamoja katika kisanduku namba 0. Jumla ya fedha huchukua baiti 32 kamili, kwa hiyo hupata kisanduku namba 1 peke yake.

Salio la wanachama huhitaji njia nyingine, kwa sababu hakuna ajuaye idadi yao mapema. Kigeu cha aina hii, ambacho hapa huitwa ramani, hupewa kisanduku namba 2, lakini kisanduku hicho huachwa kitupu. Ili kupata salio la mwanachama mmoja, programu huunganisha anwani yake na namba 2, kisha huupitisha muungano huo katika heshi iitwayo Keccak-256. Heshi ni hesabu inayogeuza maandishi yoyote kuwa namba ya urefu uleule, hapa baiti 32, kwa namna isiyorudishika. Namba ipatikanayo ndiyo namba ya kisanduku cha mwanachama huyo. Ghala ni kubwa kupita kiasi, hata uwezekano wa wanachama wawili kuangukia kisanduku kimoja ni mdogo mno usioweza kutiwa maanani. Safu zinazoweza kurefuka hufuata njia iliyo karibu na hiyo: urefu wa safu hukaa katika kisanduku chake cha kawaida, na vipengele vyake huanzia mahali panapotajwa na heshi ya namba ya kisanduku hicho.

Kwa mwanaisimu jambo la kuangaliwa ni hili. Kompaila ikishamaliza kazi yake, majina «mweka hazina», «jumla» na «salio» hayamo tena katika mashine. Yamebaki katika maandishi ya mwandishi tu. Mashine hujua kwamba kisanduku 0 kisomwe hapa na kisanduku 1 kiandikwe pale. Maana haijatiwa katika ghala. Imo katika mazoea ya programu moja na ghala moja.

3. Bei ya kumbukumbu

Kila amri ya mashine hulipiwa, na kipimo cha malipo huitwa gesi. Tangu mwanzo ghala lilikuwa mahali pa gharama. Kujumlisha namba mbili kulikuwa gesi 3. Kuandika katika kisanduku kilichokuwa na sifuri kulikuwa gesi 20,000. Kubadili thamani iliyokwisha kuwamo kulikuwa gesi 5,000. Sababu yake inaeleweka: jumla ya namba mbili hufanywa mara moja na kusahauliwa, lakini kilichoandikwa ghalani lazima kitunzwe na kila kompyuta yenye nakala ya daftari, bila mwisho unaojulikana. Aliyeandika alilipa mara moja, na wengine wakabeba mzigo daima. Ili kuwavuta watu wasafishe ghala, aliyekirudisha kisanduku kwenye sifuri alirejeshewa gesi 15,000.

Kusoma, kinyume chake, kulidhaniwa kuwa rahisi, kukapangiwa gesi 50. Mnamo Septemba na Oktoba 2016 washambulizi waliutaabisha mtandao kwa kuzilazimisha kompyuta zisome data nyingi kwa bei ndogo, na katika marekebisho ya Oktoba 2016 kusoma kisanduku kukawa gesi 200. Bei hiyo ilipanda hadi 800 mwezi wa Desemba 2019, na tangu Aprili 2021 kusoma kisanduku kwa mara ya kwanza katika muamala ni gesi 2,100, na kurudia kukisoma ni gesi 100. Mabadiliko hayo hayakuwa bila madhara: marekebisho ya mwaka wa 2019 yalivunja baadhi ya mikataba ambayo waandishi wake walikuwa wamepiga hesabu kwa bei za zamani, na ambayo haingeweza kuandikwa upya.

Ile zawadi ya kusafisha nayo iligeuzwa. Baadhi ya watu walijaza visanduku kwa data zisizo na maana siku ambazo gesi ni rahisi, kisha wakavisafisha siku ambazo gesi ni ghali ili warejeshewe. Kilichokusudiwa kupunguza mzigo kikawa sababu ya kuuongeza. Marekebisho ya Agosti 2021 yalishusha marejesho hayo hadi gesi 4,800, na biashara hiyo ikakoma.

4. Ghala linalochelewa: The DAO (2016)

Mgongano wa kwanza mkubwa ulihusu wakati. Mwezi wa Mei 2016 mkataba ulioitwa The DAO ulimaliza kukusanya etha zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 150 za Kimarekani kwa bei ya siku hizo. Ulikusudiwa kuwa mfuko wa uwekezaji usio na mkurugenzi, ambao wanachama wake wangeamua kwa kura. Tarehe 17 Juni 2016 mtu mmoja alianza kutoa etha humo, na kabla hajakoma zilikuwa zimetoka kiasi cha milioni 3.6.

Hakuvunja kufuli yoyote. Mwanachama alipojitoa, programu ilitekeleza mambo mawili: ilimpelekea etha zake, kisha iliandika sifuri katika kisanduku cha salio lake. Lakini katika Ethereum mpokeaji anaweza kuwa programu, na programu huamka inapopokea etha. Mshambulizi aliandaa programu ambayo, kila ilipoamshwa, iliomba tena kujitoa. Kwa kuwa sifuri ilikuwa haijaandikwa, ghala lilijibu kwamba salio lake lingaliko. Ni mfano wa karani anayelipa kwanza na kuandika baadaye, na mteja anayerudi dirishani kabla wino haujagusa karatasi. Funzo lililopatikana likawa kanuni ya kazi kwa waandishi wote waliofuata: kagua kwanza, andika ghalani pili, lipa mwisho.

Funzo la pili lilikuwa zito zaidi. Etha zilizotolewa ziliingia katika mkataba mwingine ambao, kwa kanuni zake, haukuweza kufunguliwa kabla ya wiki kadhaa kupita, na katika wiki hizo watu wa Ethereum walishindana kwa hoja. Wengine walisema kwamba maandishi ya programu ndiyo sheria, na kwamba aliyetumia ruhusa iliyoandikwa hakukosa. Wengine walisema kwamba mapatano ni yale waliyoyafahamu wanachama, si yale yaliyoruhusiwa na kosa la mwandishi. Tarehe 20 Julai 2016, katika bloku namba 1,920,000, wengi walikubali toleo jipya la programu ya mtandao lililohamisha etha hizo kwa nguvu hadi katika mkataba wa kuwarudishia wenyewe. Waliokataa waliendelea na daftari lisilobadilishwa, ambalo hadi leo huitwa Ethereum Classic. Hivyo ilidhihirika kwamba daftari lisiloweza kubadilishwa na mtu mmoja laweza kubadilishwa na jamii inayolitunza, ikikubaliana.

5. Ghala bila msomaji: pochi za Parity (2017)

Msiba uliotajwa mwanzoni mwa makala haya ulitokana na nia njema ya kubana matumizi. Kampuni ya Parity ilitoa pochi za saini nyingi, ambazo huhitaji wenyewe kadhaa wakubaliane kabla ya malipo. Kunakili programu nzima katika kila pochi kungekuwa ghali, kwa hiyo kila pochi ilipewa amri chache tu, na kazi kubwa iliwekwa katika mkataba mmoja wa pamoja ulioitwa maktaba. Ethereum ina amri maalumu ya kuazima programu: pochi huzitekeleza amri za maktaba, lakini visanduku vinavyosomwa na kuandikwa ni vya pochi yenyewe. Msomaji mmoja, kwa maneno mengine, alisoma maghala mamia kadhaa.

Tarehe 19 Julai 2017 kasoro ya kwanza ilijitokeza. Amri ya kuianzisha pochi, ambayo huandika majina ya wenyewe, iliweza kuitwa tena na mtu yeyote hata baada ya pochi kuanza kazi. Mwizi aliiita, akajiandika kuwa mwenye mali katika visanduku vya pochi tatu, akaondoka na etha zaidi ya 150,000. Maktaba mpya iliwekwa mara baada ya hapo ikiwa na kizuizi: amri ya kuanzisha ingekataliwa kama idadi ya wenyewe iliyoandikwa ni kubwa kuliko sifuri.

Kizuizi hicho kilizilinda pochi, lakini hakikuilinda maktaba. Maktaba nayo ilikuwa mkataba, na kwa hiyo ilikuwa na ghala lake. Hakuna aliyewahi kuliandika ghala hilo, kwa kuwa maktaba ilitazamwa kama programu ya kuazimwa tu. Hapa ndipo ile kanuni ya sifuri inaporudi. Kisanduku cha idadi ya wenyewe kilikuwa hakijaguswa. Kwa mashine, hiyo ni kusema idadi ni sifuri, yaani pochi hii haijaanzishwa. Tarehe 6 Novemba 2017 mtu mmoja aliita amri ya kuanzisha moja kwa moja katika maktaba, akawa mwenye mali wake, kisha akaita amri ya kuifuta. Maktaba ikatoweka.

Pochi 587 zilibaki na maghala yao kamili. Visanduku vyote vilikuwa mahali pake, na hapana baiti hata moja iliyobadilika. Kilichopotea ni programu iliyojua kwamba kisanduku fulani ni idadi ya wenyewe na kile kingine ni kiwango cha malipo ya siku. Msomaji wa Katanga aweza kukumbuka hapa lukasa ya Waluba, ule ubao wa shanga ambao watu wa chama cha Mbudye waliusoma kwa vidole ili kusimulia habari za wafalme. Shanga hazikuandika majina. Mahali pa kila shanga palimwongoza aliyefundishwa. Ubao wenyewe waweza kutunzwa miaka mingi, na bado aliyefundishwa akikosekana, shanga hukaa pale zilipo bila kusema.

Mwezi wa Aprili 2018 lilitolewa pendekezo namba 999 la kuirudisha programu ya maktaba mahali pake. Kwa ufundi lilikuwa jepesi. Lakini baada ya mgawanyiko wa mwaka wa 2016 wengi hawakutaka daftari liguswe tena kwa ajili ya kundi moja, na pendekezo halikutekelezwa. Jamii iliyokubali mara moja ilikataa mara ya pili, na sababu haikuwa ya kiufundi katika mara zote mbili.

6. Visanduku vinavyogongana (2018–2023)

Kosa lingine lilikuwa ndani ya lugha ya Solidity yenyewe. Katika matoleo ya awali, kigeu cha muda cha aina fulani ambacho mwandishi hakukitajia mahali kilihesabiwa kuwa cha ghalani, na kwa kukosa anwani kilielekea kisanduku namba 0. Mwandishi aliyedhani anaandika ubaoni aliandika juu ya mweka hazina. Toleo la 0.5.0, lililotoka Novemba 2018, lililazimisha mahali patajwe wazi.

Wakati huohuo ilienea desturi ya mkataba wakala. Kwa kuwa programu iliyokwisha kuwekwa haibadilishwi, mkataba mmoja wenye ghala huwekwa mbele ya watu, nao huazima programu kutoka mkataba wa pili. Programu mpya ikihitajika, anwani ya mkataba wa pili hubadilishwa, na ghala hubaki. Njia hii ina sharti gumu: programu mpya lazima isome visanduku kwa mpangilio uleule wa ya zamani. Mwandishi anaweza kuongeza vigeu mwishoni, lakini akitia kimoja mwanzoni, vyote husogea, na katika mfano wa chama cha akiba anwani ya mweka hazina itasomwa kutoka kisanduku cha jumla ya fedha.

Zaidi ya hayo, wakala mwenyewe ana vigeu vyake, hususan anwani ya programu anayoiazima, navyo lazima vikae mahali. Vikikaa katika kisanduku 0, hugongana na kigeu cha kwanza cha programu iliyoazimwa. Mwezi wa Aprili 2019 pendekezo namba 1967 lilitoa njia. Jina maalumu hupitishwa katika heshi, kisha 1 hutolewa, ili namba ipatikanayo isiwe heshi ya maneno yoyote yanayojulikana. Kisanduku hicho cha mbali ndicho huwekewa vigeu vya wakala. Mwaka wa 2023 pendekezo namba 7201 lilipanua njia hiyo kwa makundi mazima ya vigeu. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba jina, lililoondolewa na kompaila, limerudi kwa mlango mwingine: sasa mahali huzaliwa na jina.

Hasara ya kutofuata njia hiyo ilionekana tarehe 23 Julai 2022 katika mikataba ya Audius, huduma ya muziki. Wakala aliweka anwani ya msimamizi katika kisanduku 0. Programu iliyoazimwa nayo ilitumia kisanduku hichohicho kwa alama mbili za baiti moja moja: kama mkataba umekwisha kuanzishwa, na kama unaendelea kuanzishwa. Programu ilizisoma baiti mbili za mwisho za anwani ya msimamizi kama alama zake, na kwa kuwa hazikuwa sifuri, zote mbili zilisomwa «ndiyo». Mkataba ukajiona daima umo katika kuanzishwa, na kwa hiyo ukaruhusu kuanzishwa upya. Mshambulizi aliubadili utaratibu wa kura na kujihamishia sarafu za AUDIO zaidi ya milioni 18. Maandishi ya ghala yalikuwa sahihi. Yalisomwa na wasomaji wawili wenye desturi mbili.

7. Usiri na usahaulifu

Mambo mawili yanahitaji kusemwa kabla ya kuhitimisha. La kwanza ni neno ambalo katika Solidity humaanisha kigeu cha faragha. Limewapotosha wengi. Huizuia mikataba mingine isikisome kigeu hicho, lakini haliwazuii watu: yeyote mwenye nakala ya daftari aweza kukifungua kisanduku na kukisoma. Faragha hapo ni ya kisarufi tu, si ya ukweli. Nenosiri lililowekwa ghalani limekwisha kutangazwa.

La pili ni kwamba wajenzi wa Ethereum wamejifunza polepole thamani ya kusahau. Marekebisho ya tarehe 13 Machi 2024 yaliongeza ghala la muda, ambalo visanduku vyake hudumu katika muamala mmoja tu, na ambalo kuandika na kusoma ni gesi 100. Linafaa, kwa mfano, kuweka alama ya kuzuia mtu asirudi dirishani kama mshambulizi wa The DAO. Marekebisho hayohayo yalileta data za wingi ambazo mtandao huzitunza kwa muda wa siku 18 hivi. Pia yaliibana ile amri ya kujifuta iliyoiondoa maktaba ya Parity: tangu siku hiyo haiwezi kufuta mkataba isipokuwa katika muamala uleule uliouzaa.

8. Hitimisho

Waanzilishi wa mkataba mahiri walitafuta makubaliano yasiyohitaji mfasiri. Historia ya ghala lake yaonyesha kwamba mfasiri hakuondoka. Alikuwamo katika kompaila iliyogawa visanduku, katika maktaba iliyojua kuvisoma, katika mapendekezo namba 1967 na 7201 ambayo ni mapatano ya waandishi wenyewe kwa wenyewe, na katika jamii iliyoamua mwaka wa 2016 kulibadili daftari na mwaka wa 2018 kuliacha lilivyo.

Kwa wale wanaotunga istilahi za Kiswahili za taaluma hii, kuna la kuangalia. Neno «ghala» lamfanya msikilizaji afikiri kwamba kilichowekwa kinalindwa na kuta. Ukweli ni kwamba hulindwa na mambo mawili: mpangilio wa wakati, yaani kipi kiandikwe kwanza, na mpangilio wa mahali, yaani namba ipi ni ya nani. Methali ya kale ingali na haki yake, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Wenye pochi zile 587 wangeongeza kwamba daftari lisilo na wa kulisoma hutunza habari zote za mali, isipokuwa njia ya kuipata.